Tumtafute Aliyekosekana Safuni

Muhadhara wa Ramadhani uliotolewa Al Jabal al Akhdar baada ya sala ya Tarawehe. Umeandikwa kutoka katika sauti iliyonaswa.

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Masahaba wake, na kila aliyeufuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Wazee wetu, mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia, ndugu zetu mliopanda kutoka Nizwa na Birkat al-Mawz, na nyinyi mliotoka mbali zaidi, Ibra na Sur: assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mmetukuta katika majira ya waridi. Alfajiri, katika mashamba ya ngazi ya Al Aqr na Ash Shirayjah, watu wanachuma maua kabla jua halijapanda, na jioni harufu ya marashi inatoka katika tanuri. Ni neema kubwa. Lakini usiku huu tunataka kumzungumzia mtu ambaye marashi hayo yanapita mbele ya pua yake naye hayasikii. Ni mgonjwa ambaye maradhi yake ya mwili yanajulikana na yameandikwa katika faili lake, ilhali maradhi ya nafsi yake hayakuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Tuanze na kisa. Tutakieleza bila ya jina wala kijiji, na mwenyewe ametupa ruhusa.

Alikuwa mzee wetu mmoja aliyezaliwa Unguja, akaja Oman akiwa kijana katika miaka ya sabini kama walivyokuja wengi katika sisi. Akafanya kazi, akaoa, akalea. Kisukari kilimwingia akiwa bado na nguvu zake, na pole pole kikazila figo zake, mpaka siku ikafika akaambiwa kwamba damu yake haina budi kusafishwa kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Nanyi mnaijua njia yetu. Kila mara ni kuuteremka mlima, kulala kitandani saa nne, kisha kuupanda tena akiwa hoi. Mtu aliyekuwa akitutangulia safu ya mbele akawa anaswali nyumbani peke yake.

Tukaenda kumzuru. Tukamwuliza hali, akajibu, "Alhamdulillah." Tulipokaa kidogo akasema maneno mengine: kwamba hana hamu ya kitu, kwamba kahawa haina ladha, kwamba usiku hapati usingizi, na kwamba Ramadhani inakuja naye hawezi kufunga, basi anajiona kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Sisi tukamwambia: subiri, zidisha dhikri, mtazame aliye na mtihani mkubwa kuliko wako. Tukamsomea dua, tukanywa kahawa yake, tukaondoka tumeridhika na nafsi zetu.

Maneno tuliyomwambia ni ya kweli, na subira ni nusu ya dini yetu. Lakini tuliyaweka mahali ambapo palihitaji sikio kwanza, kisha daktari. Haikupita muda mrefu, mzee akaacha kuteremka kwenda kusafishwa damu. Akakosa siku ya kwanza, akakosa ya pili. Hakumwambia mtu kwamba anataka kufa. Aliwaambia wanawe tu kwamba amechoka na safari, na kwamba haoni haja.

Aliyeliona jambo lile alikuwa muuguzi, binti wa Kiomani ambaye bibi yake alimlea kwa Kiswahili. Aliona kitanda kitupu mara mbili, akachukua simu. Hakuanza kwa kumgombeza. Alisema, "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia, "Marahaba." Akamwuliza, "Babu, katika wiki mbili hizi, kuna kitu chochote kilichokupa raha?" Mzee akanyamaza kimya kirefu, kisha akalia. Usiku uleule wanawe wakamteremsha. Alisafishwa damu, akaonana na daktari, akapewa mtu wa kuzungumza naye kila wiki, akaandikiwa dawa, na ikapangwa zamu ya kumpeleka na kumrudisha. Baada ya miezi miwili hivi tulimwona tena msikitini, ameketi juu ya kiti mwisho wa safu.

Binti yule aliuliza swali ambalo sisi, pamoja na shahada yetu ya chuo, hatukuliuliza. Basi muhadhara huu ni deni tunalolilipa.

Ndugu zetu, madaktari wanayo majina mengi ya maradhi haya. Kwa Kiarabu wanayaita iktiab, na Kiswahili cha vitabuni kinayaita sonona. Wazee wetu hawatumii hata moja katika hayo. Wao husema moyo umekuwa mzito, mawazo yamezidi, mwili umekufa ganzi, sina hamu. Huzuni ya kawaida humjia kila mwanadamu na hupita. Sonona ni ile inayokaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ikamwondolea mtu raha ya vitu alivyovipenda, ikavuruga usingizi wake na chakula chake, ikamfanya ajione hana thamani.

Nayo humwandama zaidi mtu ambaye mwili wake tayari unaumwa. Mwenye kisukari yumo katika hatari inayokaribia mara mbili ya ile ya mtu asiye nacho. Katika waliopatwa na mshtuko wa moyo, takriban mmoja katika kila watano hupata sonona kali. Katika waliopatwa na kiharusi, takriban mmoja katika kila watatu. Katika wanaosafishwa damu kwa mashine, mmoja katika kila wanne au watano. Waongezeni wenye saratani, na vijana wetu wenye selimundu, maradhi ambayo Waomani wengi wanayabeba katika damu zao, na mama waliojifungua karibuni. Hesabuni wagonjwa mnaowajua katika koo zenu, mtaona kwamba hatuzungumzii watu wa mbali.

Na madhara yake hayaishii katika nafsi. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliokusanya pamoja tafiti nyingi za miaka ya nyuma, ukaonyesha kwamba mgonjwa mwenye sonona ana uwezekano wa takriban mara tatu wa kutofuata maelekezo ya tiba kuliko mgonjwa mwenzake asiye nayo. Maana yake, sindano ya insulini haipigwi, kidonda cha mguu hakitazamwi, miadi inakosewa. Watu husema, "Mzee huyu ni mkaidi." Kumbe si ukaidi. Mkono wa kuinyanyua dawa umekosa sababu ya kuinyanyuka.

Kwa nini basi maradhi haya hayaonekani? Sababu ya kwanza ni kwamba yanajificha ndani ya maradhi mengine. Mwenye figo mbovu huchoka, hukosa hamu ya chakula, hulala vibaya. Mwenye sonona naye huchoka, hukosa hamu ya chakula, hulala vibaya. Daktari mwenye wagonjwa arobaini mlangoni akiona uchovu huandika kuwa ni figo, na familia husema ni uzee. Ndiyo maana haitoshi kusubiri mgonjwa aseme. Lazima aulizwe.

Na kuuliza kwenyewe ni jambo jepesi. Wataalamu watatu wa Marekani, Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, walitunga dodoso fupi la maswali tisa, nalo likachapishwa mwaka 2001 kwa jina la PHQ-9. Limefasiriwa kwa lugha nyingi, Kiarabu na Kiswahili zikiwemo, na linatumika Kenya na Tanzania. Maswali mawili ya mwanzo ndiyo mlango. La kwanza linauliza kama katika wiki mbili zilizopita mtu amepungukiwa na hamu au raha ya kufanya mambo. La pili linauliza kama amekuwa na huzuni au kukata tamaa. Kila swali lina jibu la kuanzia sufuri, yaani hata siku moja, mpaka tatu, yaani karibu kila siku. Jumla ikifika tatu, mgonjwa huulizwa maswali yote tisa. Katika yale tisa, jumla ikifika kumi, daktari hukaa naye kwa uchunguzi kamili. Dodoso halihukumu kwamba mtu ni mgonjwa. Linampigia daktari hodi tu.

Sababu ya pili ya kutoonekana inatuhusu sisi wenyewe, nayo ni neno letu tukufu: Alhamdulillah.

Msitufahamu vibaya. Muumini humshukuru Mola wake katika raha na katika dhiki, na Mwenyezi Mungu atujaalie tufe nalo ulimini. Lakini neno hili tunamwambia nani? Tunamwambia Mwenyezi Mungu, naye anajua kilichomo vifuani kabla hatujatamka. Muuguzi hajui. Muuguzi anapokuuliza kiwango cha sukari yako huwezi kumjibu "Alhamdulillah" ukanyamaza. Unasema, "Alhamdulillah, asubuhi ilikuwa 14." Basi anapokuuliza habari ya nafsi yako sema vivyo hivyo: "Alhamdulillah, lakini mwezi huu sikupata usingizi, na sina hamu ya kuwaona wajukuu." Shukrani imebaki mahali pake, na ukweli umefika mahali pake. Mtu akimficha tabibu hali yake, huwa hakuihifadhi imani yake, ameihifadhi aibu yake.

Na hapa tuna jambo la lugha. Wapo wazee miongoni mwetu ambao Kiarabu chao ni cha sokoni na cha sala, ilhali uchungu wao unazungumza Kiswahili. Mtu huweza kuhesabu fedha kwa lugha aliyojifunza ukubwani, lakini analia kwa lugha aliyolelewa nayo. Enyi vijana mnaowapeleka wazee wenu hospitali, msiwajibie maswali haya. Msifasiri "moyo mzito" kuwa maumivu ya kifua, mkamfanya mzee apimwe moyo mara tatu na nafsi yake isipimwe hata mara moja. Mwelezeni daktari maneno yaleyale aliyoyasema mzee. Na mkiweza, tokeni nje kidogo, kwani yapo ambayo baba hayasemi mbele ya mwanawe.

Sasa tunasikia mtu akisema katika moyo wake: "Sheikh, haya ni udhaifu wa imani. Mwenye Qur'ani hahuzuniki." Tunamwomba airudie hiyo hiyo Qur'ani. Katika Sura ya Yusuf tunasimuliwa kwamba Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alimhuzunikia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Mwenyezi Mungu hakumvua Unabii kwa ajili ya machozi yake. Katika Sura ya Maryam tunasimuliwa kwamba mwanamke bora alipozidiwa na uchungu chini ya mtende, alitamani lau angelikuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Jibu lililomjia halikuwa karipio. Aliliwazwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa na tende za kula. Tazameni rehema hiyo: faraja ya nafsi na riziki ya mwili kwa pamoja. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijikinga kwa Mola wake na hamu na huzuni. Mtu hajikingi na kitu kisichokuwa na madhara. Yeye ndiye pia aliyetufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, wala hakuyatoa maradhi ya nafsi katika hukumu hiyo.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa mwaka 850 na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alieleza kwamba mwanadamu ameundwa kwa viwili hivyo, na kimoja kikiumwa humwumiza mwenziwe. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni isiyojulikana sababu yake, ambayo aliiona ina asili katika mwili na inahitaji pia tiba ya mwili. Haya yameandikwa zaidi ya miaka 1000 kabla ya dodoso la maswali tisa. Hatuwezi kuyaita mambo ya Wazungu.

Tusogee sasa kwenye kutafutana, kwani kuuliza kunamfaa yule aliyekuja. Aliyekoma kuja ana nani?

Katika Madina alikuwako Thabit bin Qays, khatibu wa Ansari, mtu mwenye sauti kubwa. Ilipoteremka aya ya Sura ya Al-Hujurat inayowakataza Waumini wasipaze sauti zao juu ya sauti ya Mtume, Thabit alidhani amekwisha kuangamia. Akajifungia nyumbani kwake, kichwa amekiinamisha. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkosa. Hakusema, "Akitaka atakuja mwenyewe." Aliuliza habari zake, na mtu mmoja akajitolea kwenda kumtazama. Akamkuta katika hali ile, akamwuliza ana nini, akamsikiliza mpaka akasema hofu yake yote, kwamba amali zake zimeporomoka na yeye ni mtu wa Motoni. Yule mtu akarudi kwa Mtume na maneno hayo, kisha akarejeshwa kwa Thabit na bishara kwamba yeye ni katika watu wa Peponi.

Hesabuni hatua zake. Amekosekana, na kukosekana kwake kumeonekana. Ametumwa mtu. Ameulizwa. Amesikilizwa. Habari imefikishwa kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Jibu limerudishwa mpaka mlangoni kwake. Mpango wowote bora wa kuwafikia wagonjwa hauna zaidi ya hatua hizi, na watu wengi hukwama katika ile ya mwisho.

Hili la mwisho ni zito, na tunawaomba watu wa tiba walio hapa walichukue. Kumwuliza mgonjwa kisha kumwacha ni sawa na kuadhini kwenye msikiti uliofungwa. Katika jimbo la Washington huko Marekani, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwa wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na kisukari au maradhi ya moyo. Baadhi yao waliwekewa muuguzi aliyewafuata kwa karibu, akishirikiana na madaktari wao. Muuguzi yule yule aliuliza habari ya sukari, ya presha na ya nafsi, na mgonjwa asipopata nafuu tiba yake ilibadilishwa. Baada ya miezi 12 sonona ilipungua, na sukari, presha na mafuta ya damu vikawa bora kuliko kwa wale waliopata huduma ya kawaida. Nafsi na mwili vilitibiwa pamoja, vikapata nafuu pamoja.

Mtasema, sisi wa mlimani tutawapata wapi wauguzi wa kutosha? Sikilizeni habari ya Zimbabwe. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, daktari Dixon Chibanda hakuwa na wataalamu wa kumsaidia, akawaendea mabibi wa mtaani. Aliwafundisha kukaa juu ya benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ndiyo yale yale mawazo mengi ya wazee wetu. Bibi anasikiliza, kisha pamoja na mgonjwa wanachagua tatizo moja na hatua moja ya kulikabili. Matokeo yake yalipimwa katika zahanati 24, kwa watu 573, baadhi yao wakiishi na virusi vya UKIMWI, na yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa wasiofika 14 katika kila 100 kwa waliokaa na mabibi, na karibu 50 katika kila 100 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar.

Sisi benchi tunalo tangu zamani. Wazee wetu wa Unguja walijenga baraza nje ya nyumba zao, na wazee wetu wa Oman walijenga sabla. Mahali pa kukaa na kusikilizana papo. Kilichopungua ni kusikiliza, kwani siku hizi sabla imejaa simu.

Lipo pia suala la hofu. Waliokulia Unguja wanakumbuka jinsi jina la Kidongo Chekundu lilivyokuwa tusi midomoni mwa watoto. Ilikuwa hospitali, na watu wakaifanya kitisho. Tumevuka bahari na hofu ile mizigoni mwetu. Ndugu zetu, wengi wenye sonona hawahitaji kulazwa popote. Tiba yao huanzia katika kituo cha afya kilekile wanakopimwa sukari. Na anayehitaji zaidi, ipo Hospitali ya Al Masarra huko Al Amerat, ambayo jina lake maana yake ni furaha. Kwenda huko si fedheha, kama kwenda kwa daktari wa figo si fedheha.

Dawa za sonona zinazotumika sana siku hizi hazilevyi. Nyingi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake, basi mtu asikate tamaa siku ya tano. Aliyepata nafuu asiache ghafla bila ya daktari, kwani mwili huvurugika. Nyingi hunywewa mara moja kwa siku, na huweza kuhamishiwa usiku baada ya futari kwa ushauri wa daktari. Lakini mwenye kutumia lithiamu, na mwenye maradhi ya figo, asijiamulie mwenyewe kufunga, kwa sababu upungufu wa maji mwilini unaweza kumdhuru vibaya.

Na ewe uliyekatazwa na madaktari kufunga, sikiliza. Aliyeiweka Saumu katika Sura ya Al-Baqara ndiye aliyemtoa mgonjwa humo humo, katika aya ya 184 na ya 185, akabainisha kwamba anakutakia wepesi. Aliyetarajia kupona atalipa siku zake. Asiyetarajia atamlisha maskini kwa kila siku. Unapokula mchana kwa ruhusa ya Mola wako, wewe umo ndani ya utii. Usile kwa kujificha kama mwizi. Nanyi watu wa nyumba yake, msimwekee sahani jikoni peke yake. Mwiteni wakati wa futari akae nanyi, afungue tende pamoja nanyi, hata kama mchana hakufunga.

Tuguse na lile gumu kuliko yote. Swali la tisa katika dodoso linahusu mawazo ya kufa au ya kujidhuru. Watu huogopa kuliuliza, wakidhani watamtia mtu wazo lisilokuwemo. Tafiti hazionyeshi hivyo. Aliyenalo huona nafuu kwamba amepatikana wa kumwambia. Uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu, naye ametukataza kujiua, na amana hulindwa na jamaa nzima. Akikwambia mtu kwamba ana mawazo hayo, usimgombeze wala usimhubirie. Kaa naye, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa za ziada na silaha, na umpeleke hospitali saa ile ile, au piga 9999. Na aliyeacha dawa yake ya kumweka hai, kama mzee wetu, naye mhesabuni katika watu wa dharura.

Basi tunawaomba mambo manne kabla ya mwezi huu kutuaga.

Kwanza, kila safu iwe na mtu anayejua nani amekosekana. Mgonjwa akikosekana Ijumaa mbili, apigiwe simu au agongewe mlango.

Pili, tukienda kuzuru mgonjwa, tuulize maswali yale mawili kwa lugha yake, kisha tunyamaze tusikilize. Nasaha ije baadaye, ikihitajika.

Tatu, vijana wenye magari ya kupanda mlima waweke zamu ya kuwateremsha wagonjwa Nizwa na kuwarudisha. Pengine mtu hakukata tamaa ya uhai, amekata tamaa ya kuwasumbua wanawe.

Nne, siri. Atakayelisikia la mgonjwa asilitoe sabla wala kwenye simu. Siri ikivuja mara moja, milango kumi itafungwa.

Mzee wetu yuko hapa usiku huu, na hatutamwonyesha kwa kidole. Kesho asubuhi atateremka mlima kama kawaida, na yuko atakayempeleka. Tulimwuliza nini kilimrudisha. Akasema, "Yule mtoto aliniuliza, akangoja jibu."

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, miili yao na nafsi zao. Wape wauguzi na madaktari wetu subira na ujuzi. Utupe masikio kabla ya ndimi. Usitujaalie kuwa majirani wa mtu aliyezama nasi tukipita na kumwombea dua kutoka ukingoni. Zipokee funga za waliofunga, na nyoyo za waliotamani kufunga wasiweze.

Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.